Yuniti za Moraa Ziligawanywa Kama Nyama

Jumapili jioni, Nyanchwa. Mvua imenyesha tangu saa nane, na viatu vyangu viko mlangoni na nusu ya matope ya Kebirigo. Sijakasirika. Kukasirika nakujua vizuri: napiga kelele, kisha nakula. Leo nimechukizwa mpaka chakula kimenishinda, na wanaonijua wanajua hiyo ni habari.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni Kwamboka, mwenye hoteli ndogo hapa Kisii mjini, niliyefanya kazi Dubai nikarudi na Kiarabu cha kununulia nyanya. Shule niliachia kidato cha pili. Lakini kichwa ninacho, na hilo silifichi.

Kwangu anakaa Moraa, binti wa kaka yangu. Yuko chuo, mwaka wa pili, mtu wa kemia na biolojia. Kesho mchana usajili wa yuniti, yaani masomo ya muhula, unafungwa. Mbili ni za lazima, zingine mwanafunzi anajichagulia. Muhula uliopita alirundika za maabara tupu. Alikuwa akirudi na harufu ya dawa kwenye nywele, anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Moja akaanguka, akalia siku nzima kana kwamba kuna maiti.

Kwa hivyo safari hii alijipangia kwa akili: tatu za maabara, hesabu, na muziki. Ndiyo, muziki. Moraa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na aliniambia anataka hata kipindi kimoja kwa wiki ambacho hakuna kitu kinachemka.

Sasa, kwetu mtoto akisomeshwa na ukoo, masomo yake ni ya ukoo. Na kwa kuwa Jumamosi ni Sabato, vikao ni Jumapili. Kaka yangu akatuita nyumbani Kebirigo.

Tulikula obokima, ugali wetu wa Kisii, na kuku, kisha mpango wa Moraa ukaletwa. Kaka akausoma kama mtu aliyeambiwa bei mpya ya sukari.

“Muziki? Daktari, si utaimba kanisani bure?”

Anaitwa Daktari tangu matokeo ya kidato cha nne. Nafikiri hata mbwa wa pale anajua.

Muziki ukatolewa. Halafu wakaanza kugawa. Nasema kugawa kwa sababu nimeona mbuzi akigawanywa, na mbuzi huwa na heshima zaidi, maana kwanza huwa amekufa. Baba yake mdogo, mwenye duka la dawa za mifugo, akataka mikrobiolojia, ati ng’ombe wake wanakufa na hajui ni nini. Mwingine akaweka fizikia kwa sababu upande wetu hatujawahi kuwa na mtu wa fizikia. Mama yake mwenyewe akaomba mambo ya lishe, akatabasamu kana kwamba anamfungia mtoto ndizi za safari.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi.

“Kijana wa jirani alibeba nane,” kaka akasema. “Sisi tumefika saba. Nani ana moja?”

Nani ana moja! Kama mnada wa kuku.

Ya nane ikapatikana. Wakapiga makofi.

“Sawa, Daktari?”

“Sawa, tata,” Moraa akamjibu baba yake. Alikuwa anaangalia sahani.

Tulirudi mjini kwenye mvua. Nilipofika hapa nikawatukana wote, mmoja mmoja, kwa lugha zote nilizotembea nazo. Moraa alikuwa kwenye kiti anaangalia ratiba kwa simu.

“Jumatano niko maabara asubuhi mpaka jioni,” akasema. “Na mbili zinagongana. Sijui nitakuwa wapi.”

“Leta simu! Nampigia baba yako sasa hivi. Atanijua mimi ni nani. Nimegombana na Waarabu, sembuse yeye?”

“Na Kifaransa chako nakitoa, anti?”

Nikakaa chini.

Ndiyo. Ya nane ilikuwa yangu. Mimi niliyeenda Goma mara moja nikashindwa kuagiza maji kwa Kifaransa, niliwaambia mtu wa sayansi bila Kifaransa ni gari bila honi. Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Nikajisikia mtu mkubwa, nikachukua paja la kuku. Sikumwangalia mtoto hata kidogo.

Nimejichukiza. Wale wengine angalau walitaka ng’ombe wapone. Mimi nilitaka kuchekewa.

“Kitoe,” nikamwambia. “Na baba yako bado nampigia.”

“Usimpigie, anti. Atakubali kwa sababu anaogopa mdomo wako. Halafu itakuwa ni wewe umenichagulia.”

Akatoka barazani na simu yake. Mvua inapiga mabati, lakini mimi masikio ninayo.

“Tata, ni Moraa. Nasajili zile tano zangu.” Kisha: “Hapana, muziki unabaki.” Halafu, polepole: “Tata, nikianguka tena, wacha nianguke na zangu.”

Akarudi, macho mekundu, mgongo umenyooka.

“Amesemaje?”

“Ati nimeharibiwa na wewe. Na kwamba tutaona kesho.” Akacheka kidogo, akajifuta pua. Kisha akasajili zote tano mbele yangu, hakuniuliza hata moja.

Namjua kaka yangu. Kesho atanipigia kabla usajili haujafungwa, anibembeleze nimgeuze mtoto. Nimekaa hapa nikitunga hotuba tamu za kumjibu, za kuchekesha, za kuumiza, na zote nimezifuta. Nitamwambia anayesoma ni Moraa, kisha nikate simu.

Kwa mtu kama mimi, kukata hapo ni kazi ngumu kuliko kemia.