Mashine Iliyojifunza kwa Macho Yangu

Jumatano, 13 Mei 1998. Kakamega.

Mvua ya mawe imepiga mabati tangu saa tisa, na sasa imetulia. Moyo wangu haujatulia.

Kwa miaka mingi kazi yangu katika karakana ya kusubu chuma, huku Khayega, imekuwa kukagua viungo vya minyororo inayopandisha miwa kinuni. Kiungo kizima hupita. Chenye ufa hurudishwa tanuruni. Chini ya minyororo hiyo husimama watu, na kiungo kikikatika hakichagui kichwa cha kuangukia.

Mwezi uliopita Praxides, binti ya marehemu ndugu yangu, alirudi kutoka chuo kikuu na kamera pamoja na programu ya kompyuta. Anaiita mtandao wa neva: hesabu zilizounganishwa kwa mfano wa ubongo. Ni mtandao mdogo, unaenea katika disketi moja, maana kompyuta ya ofisini ni kuukuu. Haukuandikiwa kanuni yoyote kuhusu nyufa. Ulionyeshwa picha za viungo, na kwa kila picha ukapewa neno langu: kizima, au kibovu.

Asubuhi ya leo aliujaribu mbele ya mwenye karakana. Kila nilichosema, nao ulisema.

"Baba, mashine imekuwa wewe mtupu," Praxides akacheka. "Imebaki kukohoa tu."

Ndipo Shikuku, fundi wa tanuru, akainua kiungo kimoja tulichokipitisha, mimi na kompyuta. Akakipaka mafuta ya taa, akakifuta, akakinyunyizia unga wa chaki. Mstari mweusi ukajitokeza kando ya tundu.

"Katekista," akaniita kwa kazi yangu ya kanisani, "na huu ufa? Ama huu umeshaungama?"

Watu walicheka. Mwenye karakana hakucheka. Praxides akasema upesi kwamba kosa ni la programu yake, naye akaambiwa afungashe vyombo vyake ifikapo Ijumaa.

Nami nilinyamaza.

Ukweli ni huu: tangu mwaka jana macho yangu hayazioni tena nyufa nyembamba. Nilijua. Niliogopa kuondolewa kwenye meza ile, nikawa napitisha nisichokiona. Kwa viungo hivyo hivyo mtoto huyu aliifundisha mashine yake. Mashine haikukosea. Ilinitii.

Nimefundisha katekisimu ujana na uzee wangu, nikiamini kwamba udhaifu wa mwalimu hubaki kwa mwalimu. Leo nimeusoma wangu kwenye kioo cha kompyuta, kwa herufi za kijani: KIZIMA.

Mvua ilipopungua niliwaza kumwita Praxides faraghani na kumwomba radhi. Ingekuwa rahisi; angenisamehe kabla sijamaliza sentensi. Lakini yeye alibeba lawama mbele ya watu wote. Ungamo langu halina haki ya kunong'onwa.

Tena kuna masanduku yanayongoja kusafirishwa, yote yamekaguliwa na macho haya. Lazima yafunguliwe, kila kiungo kipakwe mafuta na chaki, na mashine ifundishwe upya na mtu anayeona.

Nikiinuka kwenye meza ile, Bwana, nitakuwa nani? Sijui.

Lori linapakiwa kesho saa mbili asubuhi. Nitafika saa moja.