Bibi Anastazia Hakusema Asante

Mama Nermin,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Siku ile ulipokuja Kitanga kuangalia mahali pa kuchimba kisima, Bibi Anastazia hakusema asante. Mimi ndiye niliyesema.

Mwalimu alinisukuma mbele nikutafsirie Kiha, kwa sababu wewe ulikuwa umejifunza Kiswahili Dar na bibi hakukizoea. Nilikuwa kidato cha pili. Bibi alipiga makofi taratibu, ukafurahi, ukapiga na wewe. Sikukueleza kwamba kwetu Waha hiyo ni salamu ya heshima tu, hata mtu akiwa amekuja kugomba. Kisha akasema, "Mwambie huyo mama hapa juu maji hukauka kila kiangazi. Wachimbe kule bondeni, nyuma ya migomba yangu. Mimi nimezaliwa hapa, wao wamefika leo na gari." Viongozi wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Anashukuru sana."

Wakachimba juu.

Baadaye tukawa tunaandikiana. Ulinisimulia ulivyoanza kazi ukigonga mihuri ya viza kwenye nchi ya baridi, ukahamishwa ubalozi hadi ubalozi ukiwakilisha Uturuki, mpaka binti yako Elif akiulizwa kwao ni wapi anakutazama wewe kwanza. Ulipostaafu ukaniandikia: "Nimekaa kwenye karamu nyingi nikishukuriwa kwa hotuba zilizoandikwa na makarani. Bibi wa Kitanga peke yake ndiye niliyemwamini." Nilianza kukujibu ukweli, nikafuta. Nikauliza paka wako anaendeleaje.

Pampu hutoa maji masika. Kiangazi inatoa hewa tu, tunarudi mtoni. Mwezi uliopita nilimkuta bibi njiani na ndoo yake. Alicheka: "Wewe mwana wa Yoramu! Siku ile nilisema maneno mengi, wewe ukatoa mawili. Hicho Kiswahili chenu ni kifupi hivyo?" Nikacheka naye. Sikuweza kumtazama usoni.

Na sasa Elif ameniandikia kwamba umefariki. Anaomba nimtumie maneno machache kuhusu kisima, yasomwe kwenye dua yako, mbele ya mabalozi uliofanya nao kazi. Anasema ulikitaja hata ukiwa hospitali. Mama, nimekaa na simu siku tatu. Ni rahisi sana kuandika kwamba maji yanatoka na wote wanakushukuru. Nimeshawahi kufanya hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba ungesikia. Ningesema tu, ungevua viatu vyako ukashuka bondeni na bibi, na viongozi wangekufuata na suti zao. Nilikunyima nafasi hiyo kwa sababu ya aibu yangu.

Shule nimemaliza, hakuna mwalimu wa kunisukuma tena. Kesho asubuhi naenda mwenyewe kwa Bibi Anastazia na daftari. Nitamweleza nilichofanya, halafu aseme upya, nami niandike kila neno, hata akinitukana. Yote nitamtumia Elif. Naahidi.

Pumzika, Mama Nermin. Nisamehe. Ila nakuomba, mpaka nifike uani kwa bibi hiyo kesho, neno hili libaki kwako. Usimwambie mtu. Nataka alisikie kutoka kinywani mwangu.

Wako,
Jenipha