Vinukta vya Mkwe

Tarehe 6 Machi

Kwako binti yangu Msumari,

Habari za huko, na habari za tumbo? Sisi huku wazima. Mama yako goti linamsumbua kidogo, ila mdomo hauna tatizo lolote. Tangu asubuhi ananiuliza kama nimekuandikia. Haya, nakuandikia barua pepe hii, aniache nipumue.

Kitanda cha mjukuu kimekwisha! Nimekipiga msasa mpaka ukipitisha shavu hukwaruziki. Mama yako kalipitisha la kwake kweli, nikamwambia hicho si saizi yako. Hakina msumari hata mmoja, utanisamehe kwa hilo. Nimekifungua vipande vipande na kukipanga kwenye sanduku la mbao. Nataka mtoto alale humo siku ileile atakayoingia nyumbani, kama wewe ulivyolala kwenye cha kwako. Hilo tu ndilo ninalolitaka mwaka huu, mengine ni nyongeza.

Kilichonisumbua ni lebo. Kampuni ya mizigo inataka itoke kwenye ile programu ya biashara uliyonilazimisha kununua, tena kwenye karatasi za nakala nne, na karatasi hizo hakuna mashine inayoweza kuzigonga mpaka chini isipokuwa printa yetu ya kelele. Kwenye skrini jina la mumeo, ambalo sasa ni lako pia, limekaa vizuri, na vinukta vyake viwili juu ya O na kile kijimkia chini ya S. Likitoka kwenye karatasi, penye vinukta pana dirisha lenye nondo, na penye mkia pana kitu kama kona ya ukuta. Nikasema isiwe taabu. Nimechukua kalamu nikavichora mwenyewe, na vimekaa sawasawa kuliko vya mashine. Sanduku limeondoka leo.

Naishia hapa, nichomoe nyaya zote nifunge karakana. Unanijua mimi na vumbi la mbao, cheche moja tu tumekwisha. Msalimie Bwana Vinukta.

Ni mimi, Baba yako


Tarehe 30 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo wote, na goti la mama limetulia. Mimi sijambo, ila mjukuu wako anapiga mateke kama anadai kodi. Daktari anasema ni mwanzoni mwa Juni, Mungu akipenda.

Baba, sanduku lilifika hapa mjini. Lilifika bohari, likarudishwa. Karani amelipiga muhuri mwekundu: LEBO IMECHEZEWA. Huku mashine inasoma jina na kulilinganisha na kitambulisho changu herufi kwa herufi, na mkono wa mtu hautakiwi kugusa lebo hata kwa wema. Nilimwonyesha cheti cha ndoa, nikamwonyesha na tumbo. Hakutetereka. Mume wangu alisimama pale akiangalia sanduku la mtoto wake likirudishwa kwenye gari, nikamwonea huruma.

Kwa hiyo vinukta lazima vitoke kwenye printa yenyewe. Nakuelezea kwa lugha ya karakana. Kompyuta haipeleki herufi kwa printa, inapeleka namba. Printa ina majedwali kadhaa ndani yake ya kutafsiri hizo namba. Ni kama wewe umwambie mtu "nipe namba nane" ukitaka keekee ya kutobolea, yeye akakupa spana namba nane. Hakukosea namba, amefungua droo nyingine. Printa yako inafungua droo nyingine.

Nakuambatishia picha ya vile vitufe vya mbele. Bonyeza kama nilivyoonyesha mpaka taa ya jedwali la tatu iwake, halafu jaribu kwenye karatasi chakavu. Pole kwa usumbufu, Baba.

Ni mimi, Binti yako


Tarehe 15 Aprili

Kwako Msumari,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Afya tunayo, asubuhi chai inapita. Vipi miguu? Mama yako anasema uiinue juu ya mto ukikaa, na usibishe.

Sanduku limerudi, kona moja imechubuka. Nimeitengeneza. Nikamwita fundi kompyuta, akabofya bofya, akaniambia programu yake nzima, mgonjwa ni printa. Nikampigia muuza printa, naye akasema printa yake nzima, mgonjwa ni programu. Nikawa mpira, huyu anapiga na yule anapiga.

Basi jana jioni nikafuata picha yako mwenyewe. Taa ya tatu ikawaka. Nikaweka karatasi chakavu, printa ikapiga kelele zake, na jina likatoka. Msumari, vinukta viwili hivi hapa! Na mkia wake! Mama yako alipiga makofi mpaka jirani wa gereji akaja kuuliza nani kashinda. Nikafunga kazi kwa furaha, nikalala kama mtoto.

Leo asubuhi nimeweka zile karatasi zenyewe za nakala nne, nikabonyeza. Dirisha lenye nondo! Na ile kona ya ukuta. Sikugusa kitu, wallahi. Labda hizi karatasi nzito haizipendi?

Nifikirie huko. Nachomoa nyaya, natoka.

Ni mimi, Baba yako


Tarehe 19 Aprili

Shikamoo Baba,

Hamjambo? Huku tunaendelea, miguu iko juu ya mto kama mama alivyoamuru.

Si karatasi, Baba. Printa haijui karatasi nzito wala nyepesi. Nadhani programu inairudisha kwenye jedwali la zamani. Ingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya kuchapisha, uchague jedwali lilelile la tatu huko pia. Halafu rudia vile vitufe. Pande zote mbili zikikubaliana, hakuna pa kukosea.

Nimeshapunguziwa kazi ofisini. Kutwa nasaidia watu wa kampuni kubwa kubwa na mashine zao, zinapona. Yako ndiyo inanitoa jasho.

Ni mimi, Binti yako


Tarehe 28 Aprili

Kwako Msumari,

Hatujambo, ila nimechoka kidogo leo, nisamehe nikiandika kwa mkato.

Nimefanya pande zote mbili. Jioni limetoka vizuri kabisa, asubuhi limeharibika. Nikarudia. Jioni zuri, asubuhi bovu. Mama yako anasema hiyo printa ni kama mjomba wako, mpaka jua lizame ndipo anakuwa mtu. Fundi kompyuta amekuja tena, kakuna kichwa, kaondoka. Na huyu wa kampuni ya mizigo anakuja kuchukua asubuhi tu, hana safari ya jioni, na lebo iliyotolewa jana yake haipokei, anataka yenye tarehe ya siku hiyohiyo.

Hivi, mwanangu, vinukta hivyo vina ulazima gani? Tukiandika O tupu na S tupu, watu si wataelewa? Tungekuwa tumeshamaliza.

Nachomoa nyaya nikapumzike.

Ni mimi, Baba yako


Tarehe 29 Aprili

Baba, shikamoo.

O tupu na S tupu ni jina la mtu mwingine. Mtu huyo hakai hapa.

Nakuuliza na usinifiche. Jina linatoka jioni, asubuhi halitoki. Printa gani ina asubuhi na jioni? Tangu siku ya kwanza unamwita mume wangu Bwana Vinukta. Tulicheka wote, na yeye alicheka. Lakini kama jina lake halikukai moyoni, niambie waziwazi, nitanunua kitanda chochote dukani na maisha yaendelee. Mimi nimechoka, na usiku silali.

Binti yako


Tarehe 9 Mei

Kwako binti yangu,

U hali gani? Nimechelewa kukujibu. Nilianza barua mara nyingi nikafuta, mama yako ni shahidi. Alininunia siku nzima kwa ajili yako, halafu akakununia wewe kwa ajili yangu, sasa kachoka anatunyamazia wote.

Uliniumiza, Msumari. Mumeo alipokuja hapa mara ya kwanza alitaka kunisaidia kazi, akashika randa kinyume, akaparuza ubao wangu wa mninga niliokuwa nimeutunza miaka. Nilimsamehe kabla chai haijapoa. Mtu niliyemsamehe mninga, nitamchukia kwa jina? Mwezi huu nimeliandika jina lake mara nyingi kuliko langu. Naweza kuliandika usingizini, na kijimkia kikaangalia upande wake.

Tena nikwambie jambo nililotaka mlione wenyewe. Ukikigeuza kile kitanda, chini ya ubao wa kichwani, nimelichonga. Jina lenu zima. Patasi haina jedwali.

Printa nayo nimeitazama leo mpaka macho yameniuma. Asubuhi ilikataa, nikabonyeza vitufe, ikakubali. Gari la mizigo lilikuwa limeshapita, na halirudi huku mpaka tarehe 13. Sijui nifanye nini tena, na Juni inakaribia. Kuna wingu zito, acha nichomoe nyaya mapema niwahi nyumbani.

Ni mimi, Baba yako


Tarehe 10 Mei

Shikamoo Baba yangu, shikamoo tena na tena,

Nisamehe. Nimelia, na si mimba hii, ni mimi mwenyewe. Nisamehe na mama aanze kuongea.

Sasa kaa chini. Jana nilimsomea mume wangu barua yako, namgeuzia kwa lugha yake sentensi kwa sentensi. Pale kwenye mninga aliziba uso kwa mikono. Pale kwenye patasi aliniomba niirudie sentensi. Nikamalizia pale mwisho, na wingu na nyaya, akainua kichwa: "Baba anachomoa hata printa?" Nikamwambia, huyo Baba huchomoa hata redio, huchomoa hata birika la umeme likiwa bado linachemka. "Kila siku?" Kila siku, tangu sijazaliwa. Akaanza kucheka. Nikamwangalia. Halafu nikaelewa, nikakaa sakafuni nikacheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Baba, hakuna asubuhi wala jioni. Jedwali linalochaguliwa kwa vile vitufe printa inalikumbuka ikiwa na umeme tu. Ukichomoa, inaanza upya na jedwali la kiwandani. Kila jioni ulikuwa unamfundisha, na ukitoka unamsahaulisha! Wateja wangu wa kampuni kubwa hawachomoi kitu mwaka mzima, ndiyo maana halikunijia kabisa. Na mimi ndiye niliyelelewa kwenye karakana hiyo, nikipigiwa kelele "Chomoa!" kila nikitoka mlangoni. Aibu yangu.

Dawa yake ipo, tena usiache kuchomoa, vumbi ni vumbi. Zima printa. Shikilia vitufe viwili vya pembeni, washa huku umevishikilia mpaka ilie. Itakuchapishia maswali yake. Chagua jedwali la tatu, halafu izime kwa swichi yake yenyewe, USICHOMOE kwanza. Ikizimwa hivyo ndipo inaandika moyoni. Baada ya hapo chomoa mpaka uridhike.

Mume wangu anakusalimu. Anasema ukimwita Bwana Vinukta anaona fahari. Na ubao wa mninga anaukumbuka, atakulipa mwingine.

Ni mimi, Binti yako mjinga


Tarehe 13 Mei

Msumari!

Sina muda wa salamu, sote wazima, mama yako anaongea.

Jana nilifanya ulivyosema. Ikalia, nikachagua, nikazima kwa swichi. Nikachomoa. Nikachomeka, nikachomoa tena kwa ukorofi. Nikaenda kulala sikulala. Leo nimefika kabla ya jirani wa gereji kufungua, nimechomeka, nimeweka karatasi za nakala nne, nimefumba macho.

Limetoka! Nakala zote nne, mpaka ya chini kabisa, vinukta na mkia. Mtu wa mizigo amebandika mbele yangu, na nimemkataza asipitishe hata kidole juu yake. Sanduku limeondoka.

Mwambie mkwe wangu ameshanilipa ule mninga.

Ni mimi, Baba yako


Tarehe 8 Juni

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Tuko salama, wote watatu. Sauti yake mlishaisikia kwenye simu. Leo ndiyo nimepata mkono mmoja wa kuandikia.

Siku tuliyoruhusiwa kutoka hospitali, mume wangu alituacha kwenye ngazi na mifuko yetu akakimbilia bohari, maana walikuwa wamempigia. Karani yuleyule. Mashine ikasoma lebo, ikalia mara moja, taa ya kijani. Karani akamuuliza kama ndilo lile sanduku la madirisha. Alilibeba begani mpaka ghorofani na hataki kusema lilikuwa na uzito gani, ila leo hawezi kuinua mkono.

Alikiunganisha mwenyewe, na safari hii alishika kila kitu sawa. Kabla ya kukisimamisha alikilaza, akatafuta chini ya ubao wa kichwani, akapitisha kidole kwenye yale maandishi. Akaniita nije nione. Baba, mtoto alilala humo siku ileile. Analala humo sasa hivi ninavyoandika.

Tumempa jina la mama. La mama kwanza, na la baba yake nyuma, na vinukta vyake vyote. Mama asijivune sana.

Ni mimi, Binti yenu


Tarehe 11 Juni

Kwako mama mtoto,

Hongera, na pole ya uchungu. Kunywa uji, lala akilala, na mumeo akandwe huo mkono.

Mama yako anajivuna. Kaenda kumwambia mpaka jirani wa gereji, na goti halimuumi tena, sijui lilikuwa linadai nini.

Nami nimemwandikisha mjukuu kwenye programu ya biashara, kama mteja. Kila asubuhi nikichomeka nyaya, kabla ya kazi ya mtu yeyote, natoa lebo moja yenye jina lake, kuona kama printa imeamka na akili zake. Inaamka nazo. La mama yako linatangulia, la mkwe wangu linafuata, vinukta juu na mkia chini. Siwezi kuzitupa, basi nazibandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Wateja wananiuliza huyu ni nani mwenye oda nyingi hivi. Nawaambia ndiye mwenye karakana, mimi namshikia tu.

Haya, jua limezama. Nazima kwa swichi, halafu nachomoa.

Ni mimi, Babu yake