Damu Kwenye Mkeka wa Baba Mkwe

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Ipuli tu wazima, na shangazi yako amejifungua binti. Umeuliza kwa nini kila asubuhi ninakagua nyayo zangu.

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, niliona damu kwenye mkeka wa baba mkwe wangu. Nikaomba nimtazame miguu. Akakataa, akiona haya kushikwa na mkwewe.

"Baba, nihesabu kuwa binti yako," nikamwambia.

Akakubali. Msumari wa katambuga zake za tairi ulikuwa umezama unyayoni, naye hasikii maumivu, kwa kuwa miguu ilikuwa imekufa ganzi.

"Siku hizi siwezi kuinama nikaona huko chini," akasema taratibu.

Kwenye zahanati walimtibu kidonda, kikapona. Tangu hapo alininyooshea miguu mwenyewe, bila kuombwa.

Sasa miguu yangu nayo imeanza kufa ganzi, ila mimi bado ninaweza kuinama. Nitakaposhindwa nitamwita mama yako, wala sitaona haya.

Bibi yako,
Mwajuma