Jogoo Uliyembeba Kwapani

Mayo, mama yangu,

Huko uliko najua hakuna banda la kufagia, kwa hiyo una nafasi ya kunisikiliza. Jana jirani yangu hapa Mpanda aliniletea jogoo ndani ya kikapu, na mashtaka yake: anarukia wageni, anadonoa watoto, amemchana mguu muuza maziwa. "Mama, nimeambiwa wewe unawajua hawa," akasema. Nikamjibu kwamba siwajui mimi, anawajua mama yangu. Nilipotamka hivyo nilijisikia kichwa kinavimba, nikaona bora nikuandikie.

Unamkumbuka Mkoloni. Jina alipewa na watoto wa kijiji, maana hakuna aliyepita njia yetu bila kutozwa. Mwekundu, shingo nene, jicho moja daima linakutafuta ubaya. Lakini tumtendee haki. Kule porini tulikokaa kwanza, upande wa Kabungu, nyumba na nyumba zilitenganishwa na miombo, na wewe ulimlea awe mkali makusudi. Nguchiro akitokeza pua, Mkoloni yuko juu yake. Mwewe akishuka, vifaranga wanaingia chini ya mama zao na yeye anabaki uwanjani peke yake. Kila alipofanya hivyo ulimrushia punje za mahindi na kumsifu kwa sauti, kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Kisha tukahamishiwa kijijini, kila mtu na kuku wake kwenye tenga. Nyumba zikapangwa kwa mstari, karibu karibu, ukipiga chafya jirani anakwambia pole. Na kila nyumba ilikuja na jogoo wake, hakuna aliyekubali kumwacha wala kumchinja. Nyie wakubwa mlikuwa na imani yenu, kwamba nyumba isiyowika jogoo wake haina mwanaume. Hata mwenye matetea wawili alifuga jogoo. Basi asubuhi zikawa vita. Manyoya yanaruka mstari mzima, matetea wamenyonyoka migongo kwa kugombaniwa, na akina mama wanakimbizana na fimbo kabla hata ya kunawa uso.

Kwetu jambo hilo lilikuwa zito kuliko kwa wengine. Baba alikuwa amefariki kabla hatujahama, na ndugu zake walitaka ukakae uani kwa kaka yake. Ulikataa, ukaomba kiwanja chako, ukajenga. Watu walinong'ona kwamba nyumba ya mjane haikai. Mkoloni alipowika alfajiri, nilikusikia ukisema taratibu kutoka kitandani kwako, "Wamsikie." Alikuwa ndiye jibu lako kwao wote.

Ndiyo maana siku alipomrukia Tereza, binti mdogo wa jirani, ulitupa ufagio ukakimbia. Alikuwa amemchana juu ya jicho, kidogo tu jicho lenyewe liende. Mama Tereza hakutukana. Alikaa kwenye kizingiti chetu, mtoto mapajani, akalia, na wewe ukaosha kidonda kwa maji ya chumvi bila kuinua uso.

Jioni alikuja balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile hakukubali kuketi. Alisema Jumapili baada ya misa watu wote wa nyumba kumi watakutana kwake, na kama jogoo bado ni yule yule mkali, kuku wako wote watatoka kijijini. "Na wewe mwenyewe, shemeji, nakushauri ukakae kwa kaka wa marehemu. Mambo ya nyumba peke yako yatakushinda."

Ulimsindikiza hadi njiani, ukarudi ukamtazama Mkoloni. "Ukali tumemfundisha sisi wenyewe," ukaniambia. "Na hapa kila mtoto anamrushia jiwe halafu anakimbia. Ukimpiga, anaona kapata mpinzani. Ukimkimbia, anaona kashinda. Sasa unataka afikirije?"

Kulipokucha ulifungua banda ukamtoa yeye kwanza, kabla ya kuku wengine. Ulimbana kwapani, mbawa zimetulia, miguu mkononi, halafu ukaendelea na kazi zako kama umebeba mtoto. Ulifagia uwanja naye. Ulipuliza moto naye. Matetea walitoka wakasimama kumwangalia bwana wao akibebwa. Akianza kufurukuta ulisubiri, hukumkemea. Alipolegea kabisa ndipo ulipomweka chini. Akikurudia kwa hasira, hukurudi nyuma hata kidogo. Ulipiga hatua moja mbele, ukainama, ukamrudisha kwapani. Ile miiba ya miguuni uliisugua kwa jiwe la kunolea visu mpaka ncha zikawa butu. Fimbo zote za uwanjani uliziingiza jikoni zikawa kuni. Watoto wa majirani uliwaita, ukawapa mahindi wamrushie badala ya mawe, na ukawafundisha kupita mbele yake wakitembea, sio mbio.

Hata kisimani ulikwenda naye, ndoo kichwani na jogoo ubavuni, mimi nyuma yako natamani ardhi inifiche. Wanawake walikufa kwa kucheka.

"Mwenzetu kapata mume mpya," mmoja akasema. "Tena anabebwa."

"Huyu angalau harudi kalewa," ukamjibu, ukainamisha ndoo ukateka maji yako.

Mpaka leo nikikumbuka jibu lile nacheka peke yangu jikoni.

Jumapili ikafika. Tulitoka kanisani moja kwa moja hadi uwanjani kwa balozi. Wanaume kwenye viti, akina mama kwenye mikeka. Uliingia wa mwisho ukiwa umevaa kitenge chako cha misa, Mkoloni kwapani. Hukuomba radhi wala hukujitetea. Ulimweka chini katikati ya watu. Alijikung'uta, akatazama kulia, akatazama kushoto. Tereza alipiga kelele mapajani kwa mama yake. Jogoo akamgeukia. Ulisogea hatua moja, basi, hatua moja tu, na yule mbabe akainamisha shingo akaanza kudonoa makombo kwenye mkeka.

Nilidhani tumeshinda. Nilidhani utambeba turudi nyumbani. Kumbe ulikuwa ndio kwanza unaanza.

"Huyu mmemwona," ukasema. "Lakini akitulia yeye, kesho atachana mtoto jogoo wa mwingine. Kule tulikotoka kati yetu kulikuwa na pori. Hapa kati yetu kuna kamba ya kuanikia nguo. Nyumba kumi zinatoshwa na majogoo wawili. Waliobaki wachinjwe, watoto wale nyama."

Kila mwanaume alikuwa anawaza nyumba yake. Balozi alikohoa. "Maneno ni mazuri, shemeji. Ila nani atakubali kukaa bila jogoo?"

"Anzeni na mimi."

Ulimwokota Mkoloni, ukatembea hadi kwa Mama Tereza, ukampakatisha. "Huyu ni wenu. Jicho la mtoto lina haki yake. Mkitaka mchinjeni, mkitaka mfugeni, sasa ana adabu."

Balozi alikutazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Na nyumba yako? Watu watasema haina mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye huyu anayeongea na wewe, balozi."

Hukupandisha sauti. Ulilisema kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni. Nilikuwa darasa la tano, nimevaa gauni la kurithi lenye mabega mapana, na nilihisi linanikaa sawasawa.

Kwanza alisimama mzee wa nyumba ya mwisho, akasema wake anaweza kuchinjwa. Halafu mwingine, halafu wakawa wanasimama bila kuitwa. Wiki ile mstari wetu wote ulinukia mchuzi. Mama Tereza hakumchinja Mkoloni. Akawa jogoo wa nyumba nyingi, mzee mzima, Tereza akimlisha kiganjani. Na balozi, kila kulipozuka ugomvi wa wanyama au wa mipaka ya bustani, alituma watu kwetu. "Kamwiteni mama," alikuwa akisema. Shemeji iliishia siku ile ile.

Sasa nikwambie yangu, Mayo. Mkwe wako ametangulia, labda mmeshaonana. Baada ya matanga ndugu zake walikuja, watu wazuri, hawana baya, wakaniuliza nitakwenda kukaa kwa nani. Niliwapa viti. Niliwamiminia chai. Nikawaambia siendi popote, karoti zangu ziko bustanini, kuku wangu wako bandani, na atakayenihitaji atanikuta hapa hapa. Mkubwa wao akaomba sukari zaidi, na habari ikaishia hapo.

Walipoondoka nilikaa mlangoni nikasubiri kulia, machozi hayakuja. Kilichokuja ni furaha, ile ya kifua kupanuka. Nilijua kabisa mikono iliyonishika mgongo nisiyumbe ilikuwa ya nani. Watu hapa mtaani husema nimezaliwa jasiri. Mimi siwabishii, ila wewe na mimi tunajua kwamba sikuzaliwa na ujasiri huo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kwa balozi nikikuangalia wewe.

Pumzika sasa, Mayo; kesho alfajiri nitambeba jogoo wa jirani kwapani kama ulivyofanya wewe. Sitakuomba uniombee leo. Leo nilitaka ujue tu kwamba najivunia kuitwa wako.

Binti yako