Pete ya Nyuzi Saba Kwenye Unga wa Chipa

Mtaa wa San Roque,
Eusebio Ayala,
Paraguay.
14 Septemba.

Mpendwa Shangazi Zunilda,

Pokea salamu za nyumbani, tena zenye harufu ya mikate ya chipa, maana naandika nikiwa nimeegemea mlango wa jikoni na tanuri bado lina joto. U hali gani huko Málaga? Mgongo je, bado unakuuma ukimwinua yule mzee unayemtunza? Tafadhali usimwinue peke yako. Sisi hatujambo. Baba mzima. Ng'ombe kazaa ndama dume, na mpaka leo hana jina kwa sababu Baba na Bibi hawajapatana.

Utashangaa kupata barua wakati kila Jumapili unatupigia simu. Lakini Shangazi, simu ya nyumba hii unaijua: Bibi anaipandisha sauti mpaka jirani anajibu kutoka uani kwake. Nami mbele za watu maneno hunikauka. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Dada Liduvina anapanda ndege ya Hispania kesho, ndiye atakayekuletea.

Jambo lenyewe ni pete. Ile uliyotuma fedha tumnunulie Bibi, ya nyuzi saba za dhahabu, kama aliyokuwa nayo mama yake. Tulikwenda Luque kwa sonara mmoja, Bwana Eriberto. Bibi hakumficha kitu. Alimwambia, "Mimi nakanda chipa, baba. Mikono yangu haijui kupumzika, na pete hii nitaivaa kila siku." Yule bwana akacheka: "Mama, hii hata ukifulia nguo haitakulalamikia." Dirishani alikuwa na kibao: PETE ZA NYUZI SABA, ZA KUVAA KILA SIKU. Tukaamini, tukalipa.

Shangazi, pete ni nzuri mno, ila haikuumbiwa unga. Wanga wa muhogo, jibini na mafuta ya nguruwe vinaingia katikati ya nyuzi na kugandia humo. Bibi anachokonoa kwa mwiba wa mchungwa, na kila akichokonoa uzi mmoja unalegea. Juzi Castorino, dereva wa basi, alinunua chipa yake kituoni, akauma, akatoa mdomoni kijiuzi kinachong'aa. Akamwita Bibi kwa sauti, basi zima lisikie: "Mama Deo! Siku hizi unatia dhahabu? Nikivunjika jino si utaniwekea na la dhahabu?" Watu wakacheka, Bibi naye akacheka. Lakini siku hiyo nusu ya chipa zilirudi nyumbani kikapuni. Nani anataka kumeza waya?

Kibaya zaidi ni kidole. Ncha ya ule uzi uliokatika inamchoma, kidole kimevimba, na ngozi chini ya pete imekuwa nyekundu. Muuguzi alisema pete itolewe mapema, kwani uvimbe ukizidi itabidi ikatwe. Bibi akamjibu, "Basi anza kukata kidole, binti yangu." Nilidhani ni ukaidi wake wa siku zote.

Nikambembeleza turudi Luque. Mwalimu Ramona alitufundisha kwamba muuzaji anafungwa na tangazo lake: akisema kitu kinafaa kwa kazi fulani na kumbe hakifai, mnunuzi ana haki kitengenezwe, abadilishiwe, au arudishiwe fedha zake. Nilikariri yote hayo kwa Kihispania njia nzima. Tulipovuka kizingiti cha duka yakanitoroka yote.

Bwana Eriberto aliushika mkono wa Bibi, akautazama, akauachia. "Aa, mama, hii imetumika. Kilichovaliwa hakirudi dukani. Halafu nani anakandia unga pete ya nyuzi? Hii ni ya misa na ngoma ya Jumapili!"

Bibi akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Sijui sauti ilitoka wapi, na ilitoka kwa Kiguarani, lugha yetu ya jikoni, ambayo sijawahi kumsemeshea mtu wa dukani: "Kama ni ya Jumapili, mbona kibao chako kinasema kila siku?"

Mwanamke aliyekuwa akijaribu hereni akaangua kicheko. "Umebanwa, Eriberto! Katoto kamekubana kwa kibao chako mwenyewe!"

"Nitailehemu bure," akasema yule bwana.

Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto, ila nilikwishaanza. Nikamwambia akiilehemu leo, unga utailegeza tena. Tatizo si uzi mmoja. Pete ya namna hii haiiwezi kazi tuliyomtajia, na tulimtajia kabla ya kulipa. Akajikuna shingo. Mwisho akafungua droo, akatoa pete ya duara moja, laini, dhahabu ya uzito uleule. "Haya. Nipe hiyo, chukua hii. Na kibao nakishusha, usije ukaniletea shule nzima."

Shangazi, nilishinda! Mimi, ninayenunua mkate kwa kunyoosha kidole! Nikamgeukia Bibi, nikamkuta amekunja ngumi. "Haitoki," akasema. "Twende zetu."

Tukapanda basi. Tulipopita Caacupé, kuba la kanisa la Bikira likaonekana, akafanya ishara ya msalaba na ndipo akaniambia. Siku tuliyoinunua alimwekea Bikira nadhiri: pete uliyompa haitatoka kidoleni mpaka uingie mlango wa nyumba yetu kwa miguu yako. Nikamuuliza kama Bikira anataka kidole kioze. Akasema nadhiri ameifunga juu ya zawadi, na wa kuifungua ni mwenye zawadi peke yake. "Na usithubutu kumwambia," akaongeza. "Ataacha kazi aje mbio, kisha kule atarudije?"

Sasa nimekuambia. Anisamehe, lakini kidole kile kinanitisha kuliko hasira zake.

Na nina jingine la kukuungamia. Mimi huyu niliyedai haki dukani, nikiutazama mkono wa Bibi naingiwa na hofu kwamba pete ikitoka, wewe hutarudi. Najua ni upuuzi. Mwalimu Ramona angenicheka. Lakini naogopa, na sina mwingine wa kumwambia.

Sikuombi urudi kabla hujawa tayari. Nakuomba kitu kidogo. Jumapili ukipiga, nadhiri usiitaje. Mwambie tu kama wazo lako: "Mama, ile pete ibadilishe, uvae iliyo laini. Zawadi yangu ni ileile." Bwana Eriberto ametuwekea. Sema kwa sauti, hata jirani asikie. Mimi nitakuwa nimesimama karibu ya Bibi, na kipande cha sabuni mkononi.

Nisalimie binamu Derlis, na mkewe Noelia. Baba na Mama wanakukumbatia. Bikira wa Caacupé akufunike kwa joho lake la buluu, kazini na njiani.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata anaponyamaza,

Yeruti