Uzi wa Njano wa Shangazi Dirce

Via della Fornace 12,
Lugo, Italia.
9 Oktoba 2023

Mpendwa binamu yangu Learco,

Habari za huko Rosario? Mgongo wa mkeo Graciela umepoa? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanitesa kila ukungu unaposhuka, na siku hizi unashuka asubuhi na kuondoka usiku. Picha za mjukuu wako zimefika. Ana pua ya ukoo wetu, maskini, mpe pole.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nakwambia mapema usije ukadhani tumefiwa.

Kiwanda cha pikipiki cha Baldrati kimefufuka. Baada ya miaka thelathini na minane ya njiwa na kutu, wamekuja watu wa Milano, wamenunua jina, wamepaka kuta rangi, na sasa wanatengeneza mota za umeme za pikipiki za mashindano. Sina ugomvi na umeme. Ugomvi ulianzia kwenye mwaliko wa ufunguzi. Juu ya bahasha wameandika: "Kwa mjane wa Bruno Sangiorgi, fundi wa injini." Mjane! Bruno, Mungu amrehemu, alifanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Mimi nilisuka koili pale, zile nyaya za shaba za kuwashia injini, miaka ishirini na sita, na mama yako, shangazi Dirce, aliyenifundisha, thelathini na miwili!

Nikaenda hivyo hivyo. Ukuta mzima wa mlangoni ni picha: waendesha pikipiki, wahandisi, mzee Baldrati na mbwa wake. Learco, hata mbwa kaandikwa jina! Wanawake kumi na saba wa chumba cha koili, hata mmoja hayupo.

Nikamfuata mkurugenzi, bwana mmoja Ghislandi, viatu vinang'aa kama sahani. Nikamwambia, "Na sisi wasukaji tuko wapi?"

"Bibi yangu, zile zilikuwa injini za petroli. Hapa ni umeme, mambo mapya kabisa."

"Na ndani ya hiyo mota yako kuna nini? Tambi?"

Akaniacha nimesimama, akaenda kumsalimia meya.

Basi wakaiwasha mota mbele ya watu. Haikupita dakika mbili nikanusa vanishi ya waya ikiungua. Harufu ile hata nikiwa kaburini nitaijua. Nikapiga kelele, "Zimeni, inaungua!" Ghislandi akasema, "Tulia, mama, ni joto la kawaida." Moshi ukatoka, meya akakohoa, na mimi nikarudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu iliyopita, wiki moja kabla ya leo, nakanda unga wa kapeleti, tambi zetu za kujaza jibini, mlango ukagongwa. Ni mhandisi wao, binti anaitwa Mirca, kaikumbatia ile mota iliyoungua. Akaitua mezani kwangu.

"Toa hapo! Huoni unga?"

"Nisamehe, bibi. Hii ni ya pili kuungua, na Jumapili tuna mashindano. Wewe ulijua kabla ya mashine zetu zote. Ulijuaje?"

Huyo nilimpenda, maana aliuliza. Nikavaa miwani nikatazama. Koili zimesukwa na mashine, vizuri tu, lakini ncha wamezibana kwa plastiki. Plastiki! Mota ikipata moto plastiki inalegea, waya zinacheza, zinasuguana, vanishi inatoka, shoti. Jambo ambalo mama yako alinifundisha wiki ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na mitano.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimpakia nyuzi zake nta pale jikoni? Wanaume walipewa mihuri ya chuma ya kugonga herufi zao kwenye injini. Sisi tulinyimwa, eti kazi yetu haionekani. Ndipo mama yako akasema kila mmoja atafunga koili zake kwa uzi wa rangi yake. Mimi kijani, yeye njano. Koili ikifa, ijulikane ni ya nani. Ikiishi, hali kadhalika.

Nikamwambia Mirca, nitawafungia koili kwa uzi, ila majina yetu yapande ukutani kwanza. Akampigia Ghislandi.

"Ukuta umeshachapwa, bibi," Ghislandi akaniambia kwenye simu.

"Basi, na mota yako imeshaungua."

Saa moja baadaye akakubali. Akachapa majina yote kumi na saba kwenye karatasi, akaibandika kwa utepe wa gundi kando ya mbwa. Karatasi! Mlango ukifunguliwa kwa nguvu inapepea. Nilitamani kuichana nimvishe nayo kichwani.

Lakini nilikuwa nimetoa neno langu. Wakasuka mota mpya, nikaifunga siku mbili, vidole vimevimba hata kijiko sishiki. Jana mashindanoni pikipiki yao imekimbia mizunguko yote, ikawa ya nne. Ghislandi akasimama mbele ya waandishi akasema ni ushindi wa teknolojia mpya. Mpya! Nilizima televisheni nisije nikaivunja. Mirca ndiye aliyenipigia: wameifungua, safi kabisa, uzi haujasogea hata kidogo. Akaniambia amekwenda kuagiza bamba la shaba la majina, na Ghislandi asipolipa atalipa yeye. Nitaamini nikiliona.

Nisalimie sana Graciela, na mwanao Nélida, na huyo mwenye pua. Mungu awalinde nyote, awape afya, nawe akupe nguvu za kuja kutuona kabla goti hili halijanimaliza.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Sikuifunga kwa kijani. Dada yangu alinihifadhia kijisanduku cha mama yako, na ndani kilikuwepo kibunda chake cha mwisho cha uzi wa njano, bado kina nta. Nilikitumia chote, isipokuwa kipande hiki nilichokukunjia ndani ya barua.

Ndimi dada yako, mwenye hasira na mapenzi tele,
Ivonne